Mshipi, Ndoana na Mshahara Wetu

Ndugu wafanyakazi, sisi tunaokaa Rukoki na kando ya mji wa Kasese tuna Ziwa George karibu, na kitoweo cha sokoni ni ghali. Si ajabu basi kumwona mwenzetu aliyemaliza zamu akishika njia ya Hamukungu au Kahendero. Lakini idadi ya mitumbwi inayoruhusiwa kuvua katika Ziwa George na Ziwa Edward imewekewa mpaka, na wengi wetu hatuna leseni. Hivyo hushirikiana na mwenye mtumbwi: yeye hutoa chombo, sisi hutoa mshipi na ndoana, kisha tunagawana samaki. Mshipi ukikatika, hasara ni yetu, wala haingoji mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana twasema: kabla ya kuuliza bei, jiulize unamfuata samaki gani. Ziwa George halina kina kirefu, kwa wastani mita mbili na nusu hivi, na chini ni matope. Huko chini ndiko wanakotembea semutundu, kambare na kamongo. Kwa hao hutegwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi. Kamba mama yafaa iwe ya nailoni iliyosokotwa, nene kiasi cha kushikika. Nyembamba hukata viganja wakati wa kuvuta. Vijikamba vya ndoana viwe dhaifu kuliko kamba mama. Wengine hucheka wakisikia hivyo, lakini ndoana ikinasa kwenye gogo, ni heri kupoteza ndoana moja kuliko kamba nzima. Kamongo ana meno makali, basi mbele ya ndoana yake weka kipande cha waya.

Sasa dukani. Uzi mmoja wa nailoni, ule unaong'aa kama kioo, hudhoofishwa na jua. Bunda lililoning'inia mlangoni miezi mingi usilinunue hata ukipunguziwa. Fungua pima moja, lipitishe katikati ya kucha usikie kama lina mikwaruzo. Funga fundo, lilowanishe kwa mate, likaze polepole, kisha vuta. Kilo zilizoandikwa kwenye karatasi ni za uzi ulionyooka. Penye fundo nguvu hupungua, na fundo lililokazwa kavu huungua kwa msuguano. Mwenye duka akikataa usijaribu, nenda duka la pili.

Wako vijana wanaotuuliza habari za rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo watafurahi kujua kwamba rili ya kikombe kisichozunguka ilipewa hataza mwaka 1905 kwa Alfred Illingworth, mwenye kiwanda cha sufu huko Bradford, Uingereza, aliyeangalia jinsi uzi unavyotoka kwenye kibiringo cha mashine. Huko Scotland na Norway hutumiwa kumvua samoni, samaki atokaye baharini kupanda mito kwenda kutaga. Wetu anayefanana naye kwa tabia hiyo ni kisinja, ambaye naye hupanda mito wakati wa mvua. Wa kutaga aachwe apite. Tukimmaliza mtoni, ziwani tutavua nini?

Kwa maoni yetu rili si kitu cha kununua kwanza. Kando ya ziwa pamejaa mafunjo, na viboko hawampishi mtu anayerusha mshipi kutoka ukingoni. Anayeitaka kwa safari ya kumvua sangara kwenye Mto Nile aangalie breki kabla ya rangi: vuta uzi kwa mkono, utoke laini bila kushtuka-shtuka. Breki ikazwe kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, ili samaki mkubwa akikimbia apewe uzi badala ya kuukata. Kikombe kijazwe mpaka karibu na ukingo. Kikiwa nusu, uzi haufiki mbali, kikifurika, unajifunga mafundo.

Ndoana nazo, kabla ya kulipa muulize ofisa wa uvuvi hapo bandarini saizi inayokubaliwa, maana kifaa kisichoruhusiwa huchukuliwa na fedha hairudi. Watu wanne wakichanga wanaweza kununua kamba nzuri moja. Mmoja wao aitunze ndani ya gunia, kivulini, mbali na mafuta ya taa na panya.