Kuchambua Jalada la Jarida
Katika kitabu chake Mythologies (1957), Roland Barthes alichambua jalada la jarida la Paris Match la mwaka 1955. Kijana mweusi aliyevaa sare ya jeshi la Ufaransa anapiga saluti. Hiyo ndiyo maana ya wazi. Maana fiche ni kwamba dola ya Ufaransa haibagui, na wote huitumikia kwa uaminifu. Wakati huo Algeria ilikuwa vitani ikidai uhuru. Usanifu nao unachangia: macho yametazama juu. Bendera haionekani, msomaji ndiye anayeiongeza.

Kwa hiyo, mwanafunzi aanze kwa kuorodhesha yaliyomo: picha, rangi, herufi, maelezo. Ndipo aulize ni nani anayenufaika. Akitanguliza nadharia, ataona alichokitarajia tu.