Hesabu Jeshini: Si Lazima Ubebe Bunduki

Nikisema napenda hesabu, watu huniuliza, "Kwani unataka kuwa mwalimu?" Ualimu ni kazi nzuri (mwalimu wetu wa hesabu asinikasirikie), lakini iko kazi nyingine ambayo hapa Ekalakala sijasikia ikitajwa, nayo ni utafiti wa ulinzi.

Kazi hii imewahi kufanywa Kenya, tena shuleni. Mwezi wa Aprili 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Kijapani zilishambulia Colombo, katika nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Waingereza walikuwa na kituo huko cha kunasa habari za redio za adui. Basi wakakihamishia Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Kituo kikajulikana kwa jina la Kilindini.

Meli za mizigo za Japani zilitumiana habari kwa maandishi ya siri yaliyoitwa JN-40. Ilidhaniwa kwamba siri yake ni kujumlisha nambari juu ya nambari. Wapi! Septemba 1942 Wajapani walikosea mara moja tu, na kosa hilo likawafumbua macho John MacInnes na Brian Townend.

Nitaeleza kwa mfano mdogo. Chukua neno MAJI. Ukizipa herufi nambari, A ikiwa 01 na B 02 hadi Z 26, unapata 13 01 10 09. Andika tarakimu hizo kwa mistari miwili, 1301 juu na 1009 chini. Sasa soma kutoka juu kwenda chini: 11 30 00 19. Herufi moja imepasuliwa vipande viwili, kila kipande kwake! JN-40 ilikuwa ngumu zaidi, ikiwa na jedwali la nambari 100, lakini ujanja ni huo.

Kufikia Novemba 1942 walikuwa wakisoma kila kitu, na nyambizi zikajua pa kuzivizia meli. Hapo ndipo ninaposumbuka. Mtu yuko Mombasa na penseli yake, na mbali baharini watu wanazama. Mjomba aliniambia meli hizo zilibeba askari pia. Ni kweli, lakini bado nafikiria.

Siku hizi, shirika letu la anga za juu, lililoanzishwa 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Aprili 2023 setilaiti yake, Taifa-1, ilirushwa kutoka Marekani. Njia ya setilaiti ni hesabu tupu. Kwa hivyo anayetaka kazi hiyo asome shahada ya hisabati, aongeze kompyuta au takwimu. NSA ya Marekani huajiri wanahisabati wengi, lakini ni lazima uwe raia wao, tusidanganyane.

Tena kuna kunyamaza. Kazi ya Alan Turing na wenzake kule Bletchley Park, Uingereza, ilifichwa hadi miaka ya 1970. Yaani mama akikuuliza umeshindaje kazini, unamwambia salama tu.

Mimi bado naitaka. Ila Ijumaa kuna mtihani wa matriki, na ule wa mwisho sikuupita.