Msandali, Mti wa Mizizi Yenye Harufu

Mtu apandaye mlimani kutoka Hedaru hupita kwanza nchi kavu ya mawe na vichaka. Katika nchi ya namna hiyo ndipo upendapo kuota msandali, mti mdogo ambao matunda yake yakiiva huwa mekundu, na ndege huyala na kuzitawanya mbegu.

Waganga wa kienyeji huchemsha magome na mizizi yake kuwa dawa ya kuhara na ya magonjwa ya zinaa. Lakini wafanya biashara hutaka mafuta yake ya manukato, nayo hukaa katika mizizi na katika moyo wa shina. Kwa hiyo mti haukatwi tu, bali hung'olewa, wala hakibaki kisiki cha kuchipua.

Kuurudisha si kazi nyepesi. Kwanza, mizizi yake hushikamana na mizizi ya miti jirani na kunyonya maji na chakula humo. Tukifyeka vichaka vyote, mche wake hudhoofika. Pili, kama mipapai, kuna msandali dume na msandali jike. Jike akibaki peke yake hazai.

Mwaka 2013 mataifa yalipatana huko Bangkok kwamba msandali wa Afrika Mashariki usiuzwe nchi za nje pasipo kibali. Lakini kibali hakilindi mti ulioko kichakani. Sisi ndio walinzi wake. Basi tukihitaji dawa, tutwae gome kidogo upande mmoja, tusilizungushe shina, wala tusing'oe mizizi. Tuwaache dume na jike pamoja na jirani zao, ili atakayeugua kesho aukute mti umesimama.