Matairi ya misimu yote yana mipaka yake theluji inapoanguka

KUTELEZA si kuanguka, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hawakuwahi kuendesha motokaa katika jiji la Minneapolis usiku wa Januari, ambako kuteleza kwa sekunde mbili kwaweza kumtupa dereva mtaroni au kumfikisha chini ya lori.

Maelfu ya Wakenya wamefanya makao katika jimbo hilo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Wengi wao hufanya kazi za zamu katika hospitali na makao ya wazee, na zamu haiahirishwi kwa sababu ya theluji. Anayepaswa kuripoti saa tano usiku sharti aripoti, hata kipimajoto kikionyesha nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kwa mgeni anayenunua gari lake la kwanza huku akituma karo nyumbani, matairi huwa jambo la mwisho kufikiriwa. Muuzaji humwambia kuwa gari limefungwa matairi ya misimu yote, naye huridhika. Kosa huanzia hapo, kwa kuwa jina hilo huahidi zaidi ya linavyoweza kutimiza.

Matairi ya misimu yote yalipata umaarufu nchini Marekani baada ya kampuni ya Goodyear kuzindua tairi lililoitwa Tiempo mwaka wa 1977. Kabla ya hapo, dereva wa maeneo ya baridi alilazimika kufunga matairi ya theluji kila mwaka na kuyatoa majira ya joto yalipowadia. Tairi jipya lilimwondolea usumbufu huo.

Hata hivyo, tairi la aina hiyo ni mapatano. Mpira wake umechanganywa ili ustahimili lami ya moto ya Julai bila kulika upesi, na pia uweze kuvumilia baridi ya wastani. Lenye kufanya kazi mbili haliwezi kuzifanya zote kwa ukamilifu.

Tatizo lenyewe liko ndani ya mpira. Halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, mpira wa kawaida huanza kukakamaa. Mpira uliokakamaa haushikamani na vijishimo vidogo vya lami, na gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama, hata barabara ikiwa kavu. Tairi la theluji hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini katika baridi kali, na uso wake hukatwa mikato mingi myembamba inayouma theluji na barafu.

Tofauti hiyo si ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Katika kivuko cha watoto wa shule, mita hizo ndizo hutenganisha kusimama kwa salama na maafa.

<b>Alama mbili zisizolingana</b>

Anayetafuta tairi la bei nafuu anapaswa kwanza kusoma ubavu wake. Matairi mengi ya misimu yote yana herufi M na S, zinazomaanisha matope na theluji. Herufi hizo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kuzingatia umbo la mifereji iliyochongwa usoni mwa tairi. Hakuna jaribio la barabarani linalodaiwa kabla ya kuziweka.

Alama ya pili ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo ilianza kutumika Amerika Kaskazini mwaka wa 1999. Ili kuipata, tairi hujaribiwa juu ya theluji iliyoshindiliwa, na ni lazima livute kwa angalau asilimia 10 zaidi ya tairi maalumu la kulinganishia.

Aidha, dereva asidhani kuwa mlima huo ni kinga ya kila hatari. Jaribio hupima jinsi tairi linavyosukuma gari mbele katika theluji. Halipimi kufunga breki juu ya barafu.

Serikali kadhaa zimetambua tofauti ya alama hizi. Mkoa wa Quebec, nchini Kanada, huwalazimisha wenye magari kufunga matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na tangu Desemba 2014 herufi M na S pekee hazitoshi. Ujerumani nayo iliacha kuyakubali matairi yenye herufi hizo pekee katika barabara zenye theluji au barafu kuanzia Oktoba 1, 2024. Minnesota haina sheria kama hiyo. Huko uamuzi ni wa dereva mwenyewe.

<b>Njia ya kati</b>

Kati ya tairi la misimu yote na lile la theluji pana aina ya tatu, ambayo wauzaji huiita tairi la kila hali ya hewa. Majina haya hufanana kiasi cha kumchanganya mnunuzi, lakini la kila hali ya hewa huwa na ile alama ya mlima, na laweza kubaki garini mwaka mzima. Kampuni ya Nokian kutoka Ufini ni miongoni mwa waliotangulia kuyauza Amerika Kaskazini, na baadaye kampuni nyingine zikafuata.

Kwa mtu asiye na mahali pa kuhifadhi matairi manne ya ziada, mathalani anayeishi katika nyumba ya kupanga, hii mara nyingi ndiyo njia ya busara. Hulipa zaidi kidogo mara moja, wala hamlipi fundi kumbadilishia matairi mara mbili kila mwaka.

Hesabu yake ni nyepesi. Iwapo tairi la misimu yote linauzwa dola 90 na la kila hali ya hewa dola 130, matairi manne yatatofautiana kwa dola 160. Bima nyingi za magari humtaka mwenye gari ajilipie dola 500 za kwanza baada ya ajali. Kugonga nguzo mara moja tu kunatosha kumeza akiba yote na kuzidi.

Anayeendesha kila usiku katika barabara za mashambani zisizosafishwa mapema atafaidika zaidi na matairi halisi ya theluji. Gharama yake huonekana kubwa, lakini seti mbili hupokezana kazi, na moja inapotumika nyingine hupumzika. Sharti pekee ni kuyatoa majira ya joto yafikapo, kwa sababu mpira wake laini huisha haraka juu ya lami yenye joto.

<b>Nafuu isiyo nafuu</b>

Wapo wanaokimbilia matairi yaliyotumika. Si yote mabaya, lakini mnunuzi ayachunguze kwa makini. Nchini Marekani kila tairi lina nambari inayoanza na herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 3523 lilitengenezwa katika wiki ya 35 ya mwaka wa 2023. Mpira hukauka kwa umri hata kama mifereji ni mirefu, na baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri matairi yabadilishwe yakifika miaka sita.

Kina cha mifereji nacho hupimwa kwa sarafu. Senti moja ya Marekani ikiingizwa mferejini kichwa cha Lincoln kikitangulia, na kichwa hicho kikaonekana chote, tairi limeshuka chini ya milimita 1.6 na halifai tena. Lakini kwa theluji, hata tairi lililo juu ya kiwango hicho laweza kuwa limekwisha. Wataalamu hupendekeza karibu milimita 5, kwa kuwa mifereji mifupi haina nafasi ya kubana theluji, na theluji ndiyo hushika theluji.

Kadhalika, alama za ubora zinazochapishwa ubavuni kwa agizo la serikali ya Marekani zisimpotoshe mtu. Ile ya mshiko, ambayo huanzia AA hadi C, hupimwa kwa kufunga breki kwenye barabara iliyolowa maji. Haisemi lolote kuhusu theluji.

Wengine hununua matairi mawili mapya ili kupunguza gharama, kisha huyafunga mbele. Huo ni mtego. Sehemu ya nyuma ikikosa mshiko, gari hugeuka likatazama lilikotoka. Ni heri yote manne yalingane. Ikiwa mawili tu ndiyo yamepatikana, yafungwe nyuma.

Nguvu ya injini kusukuma magurudumu yote manne pia huwadanganya wengi. Huwasaidia kuondoka walipokwama, lakini breki zinapofungwa, kinacholisimamisha gari ni matairi tu.

Tahadhari ya mwisho haigharimu karibu chochote. Upepo wa tairi hupungua kwa takriban kipimo kimoja cha PSI kila halijoto inaposhuka kwa nyuzi 5 au 6. Tairi lililojazwa Septemba huwa limelegea Desemba bila ya kutoboka popote. Lipimwe angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla gari halijatembea.

Elimu hii haiwahusu walio ng'ambo pekee. Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani huja na matairi ya theluji, na mengine yameandikwa ubavuni neno STUDLESS. Mnunuzi huyaona yana mifereji mirefu na mikato mingi, akafurahi kwamba ni mapya. Kumbe mpira huo laini haukukusudiwa joto la Mariakani wala Voi, na huisha kabla ya wakati wake.

Iwe ni Minneapolis au Mombasa, ubavu wa tairi hueleza lilitengenezwa lini na kwa hali gani. Dakika tano za kuusoma kabla ya kutoa pesa humwepusha dereva na hasara ambayo fundi hawezi kuirekebisha.