Hesabu mapigo ya moyo wako mbele ya kutoka kitandani

Wandugu, tukisha kupata diploma na kazi ya biro, tunakaa kwenye kiti tangu asubui mpaka magaribi, kisha tunasema tansio ni ugonjwa ya wazee. Hapana!

Kesho asubui, mbele ya kahawa, weka vidole viwili kwenye mkono, chini ya kidole gumba, na uhesabu mapigo dakika 1 nzima. Kwa mtu mzima, kawaida iko kati ya 60 na 100. Mwenye anafanya michezo sana anaweza kuwa chini ya 60, sababu kila pigo la moyo wake linasukuma damu nyingi.

Ukipata namba ya juu siku moja, usiogope: homa, upungufu wa damu ao wasiwasi vinapandisha. Lakini kama inabakia juu kila siku, ona munganga. Watu wa hivyo wanapata magonjwa ya moyo zaidi.

Angalisho: mapigo mazuri hayaonyeshi tansio. Unaweza kuwa na mapigo 70 na tansio 150/95, bila maumivu yoyote. Basi pimisha vyote viwili, acha sigara, punguza chumvi, tembea kwa miguu dakika 30 kila siku.

Na wewe, uko na ngapi?