Ukurutu wa mtoto si laana: namna ya kutunza ngozi yake

Katika makanisa yetu ya Kivu tunaona mara nyingi mama anayemfunika mtoto wake kwa kitenge hata wakati wa joto, kwa sababu ngozi ya mtoto ina mabaka na anajikuna bila kupumzika. Wengine wanamwambia kwamba mtoto amelogwa. Wengine wanasema hamwogeshi vizuri. Tena tangu ugonjwa wa mpox ulipoenea Kamituga mwaka 2023 na kufika miji mingine, kila kipele kinaogopesha. Kwa hiyo tumeona vema kueleza ugonjwa huu unaoitwa ukurutu, au egzema.

Ngozi yenye afya ni kama ukuta uliokandikwa vizuri. Kwa mtoto mwenye ukurutu, ukuta huo una nyufa ndogo. Maji ya mwilini yanatoka, ngozi inakauka, na sabuni au vumbi vinaingia na kuiwasha. Mtoto akijikuna, nyufa zinaongezeka, na muwasho unazidi. Udhaifu huo mara nyingi hurithiwa, hasa katika jamaa zenye watu wa pumu. Ukurutu hauambukizi. Mtoto anaweza kubebwa, kucheza na wenzake na kulala na ndugu zake.

Kwenye ngozi nyeusi, mabaka huonekana ya kahawia nzito, ya kijivu au ya zambarau, pamoja na vipele vidogo vikavu. Kwa mtoto mchanga huanza mashavuni. Akikua, huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti.

Lakini si kila muwasho ni ukurutu. Kama watu wengine nyumbani wanajikuna pia, hasa usiku na katikati ya vidole, huenda ni upele, nao unaambukiza. Kama kuna homa, matezi yaliyovimba na vidonda vyenye maji au usaha, huenda ni mpox. Kama miguu imevimba na ngozi inabambuka, huenda ni utapiamlo. Katika hali hizo zote, mpelekeni mtoto kituo cha afya bila kukawia.

Matunzo ya kila siku ni rahisi, lakini yanataka uvumilivu:

- Mwogesheni kwa maji ya uvuguvugu, kwa dakika tano hadi kumi tu. Tumieni sabuni kidogo isiyo na manukato, wala msimsugue.
- Mkausheni kwa kumgusagusa na kitambaa laini. Ngozi ikiwa bado na unyevu, mpakeni vazelini isiyo na harufu mwili mzima. Rudieni angalau mara mbili kwa siku, hata mabaka yakiwa yametulia. Wakati wa kiangazi, ongezeni.
- Mkateni kucha ziwe fupi. Mvisheni nguo za pamba; sweta ya sufi isiguse ngozi yake. Nguo zisuuzwe mpaka sabuni yote itoke.

Mabaka yakiwaka sana, muuguzi au daktari anaweza kuandika krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo hupakwa kidogo juu ya mabaka kwa siku chache. Ikitumiwa hivyo, ni dawa nzuri, wala msiiogope.

Tunachowaonya ni krimu zinazouzwa sokoni za kung'arisha ngozi. Nyingi zina dawa kali kama klobetasoli au betametasoni. Mabaka hutulia upesi, na mzazi hufurahi. Lakini zikitumiwa muda mrefu, ngozi ya mtoto huwa nyembamba, dawa huingia mwilini na inaweza kuzuia kukua kwake. Na zikiachwa ghafula, mabaka yanaweza kurudi kwa nguvu. Pia msimchanje mtoto kwa wembe wala kumpaka majani makali yanayochoma: kila jeraha ni mlango wa vijidudu.

Msimnyime mtoto mayai, maziwa au sambaza kwa kudhani tu. Mtoto mdogo akikosa vyakula hivyo, anaweza kuangukia utapiamlo. Kama mnaona chakula fulani kinamdhuru, muulizeni daktari kwanza. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Rudini kituoni siku hiyohiyo mkiona maganda ya manjano, usaha, homa, au malengelenge mengi yenye maumivu.

Ukurutu hauna dawa ya kuumaliza mara moja. Huja na kupungua, na watoto wengi hupata nafuu kadiri wanavyokua. Alama nyeusi au nyeupe zinazobaki hufifia polepole. Tunamwombea mtoto, na wakati huohuo tunampaka mafuta. Maombi na matunzo havipingani.

Injili ya Marko, sura ya 1, inatusimulia kwamba Yesu alimgusa mtu mwenye ukoma, ambaye watu walimwepuka. Basi sisi tunawezaje kuogopa kumgusa mtoto ambaye ugonjwa wake hata hauambukizi? Wachungaji na viongozi wa wamama, lielezeni jambo hili katika vikundi vyenu. Na Jumapili mama huyo akifika, mpokeeni mtoto wake mikononi mbele ya wote, ili wengine nao wasiogope.