Kizibo cha Pili

Mkulima wa vitunguu Singida huingia duka la pembejeo na jani lenye baka zambarau mkononi. Anapewa chupa, anauliza, "Vizibo vingapi kwa bomba?" kisha anaondoka. Baka likirudi, kizibo kinakuwa viwili. Hicho cha pili ndicho kilichonikalisha kuandika.

Soma jina la kiambata kwenye lebo, lile la herufi ndogo: propiconazole, tebuconazole, hexaconazole, difenoconazole. Yote yanaishia mahali pamoja. Sasa fungua kabati la nyumbani, utoe krimu ya fangasi za miguu: clotrimazole. Vidonge navyo: fluconazole. Ni ukoo mmoja, na shambani au mwilini kazi yake ni ile ile. Kila seli ya kuvu imezungukwa na utando, na utando huo haukai sawa bila mafuta maalumu yaitwayo egosteroli. Kuvu huyapika kwa msaada wa kimeng'enya chenye chembe ya chuma katikati yake. Dawa hujipachika kwenye chuma hicho, mithili ya kijiti kilichovunjikia ndani ya kufuli. Mapishi yanakwama, utando unalegea, kuvu hakui tena.

Ila kufuli za aina hiyo hazikuumbwa kwa ajili ya kuvu peke yake. Sisi tunazo. Vidonge vya ketokonazoli hupunguza homoni ya kiume na kortisoli, hata madaktari huvitumia kwa mgonjwa ambaye mwili wake unamwaga kortisoli kupita kiasi. Homoni hizo mbili ni steroidi. Na mmea nao una steroidi zake.

Hilo la mmea lilichelewa sana kuaminika. Mwaka 1970, J. W. Mitchell na wenzake wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, huko Beltsville, Maryland, walitangaza kwamba chavua ya rapa, mmea wa mafuta ulio ndugu wa kabichi, ina kitu kinachorefusha mashina ya maharage. Kitu gani? Jibu lilichukua miaka tisa. Nyuki ndio waliofanya kibarua cha kukusanya chavua kwa wingi, na wakemia wakaichuja hadi wakabaki na miligramu chache tu. Mwaka 1979 umbo lake likajulikana, likaitwa brasinolaidi. Mfuga nyuki wa Manyoni atapenda kusikia kwamba baadaye homoni za ukoo huo zilikutwa pia kwenye chavua ya alizeti.

Hata hivyo wengi waliona ni kiungo cha ziada tu. Mwaka 1996 ndipo maabara kadhaa, ikiwemo ya Joanne Chory huko California, zilipoonyesha kwamba mmea usioweza kujitengenezea steroidi hizi unadumaa: mfupi, majani yamejikunja, rangi ya kijani iliyokolea. Ukipewa homoni, unanyanyuka.

Mwaka 2000 Wajapani wakatengeneza kemikali ya kuzuia homoni hiyo makusudi, ili wachunguze kazi yake. Bei yake haikufaa kwa majaribio ya mimea mikubwa. Kwenye Chuo Kikuu cha Purdue, Thomas Hartwig, Burkhard Schulz na wenzao wakageukia propikonazoli, dawa ya ukungu ya kawaida ambayo Marekani hupulizwa hata kwenye nyasi za viwanja vya gofu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yananifurahisha kila nikiyasoma: mahindi yaliyopewa dawa hiyo yalibaki mafupi, na mbelewele, ambayo ni sehemu ya kiume, ikageuka kuwa na maua ya kike. Mahindi hayakuwa na ukungu wowote. Dawa ilikuwa imefunga kufuli za mmea wenyewe.

Tusikimbilie kuzitupa chupa. Kiasi cha kwenye lebo kimepimwa ili kimuumize kuvu kabla ya zao, na Ulaya wakulima wa rapa hupuliza tebukonazoli wakitaka kwa makusudi mimea mifupi isiyolala. Tatizo ni kizibo cha pili, na cha tatu, hasa kwa miche michanga na kwa jamii ya matango na maboga, ambayo haivumilii sana dawa hizi. Baadhi yake hubana pia jibereli, homoni nyingine ya urefu, kwa hiyo mmea unapigwa pande mbili.

Kinachoniudhi ni jinsi dalili zake zinavyodanganya. Mmea uliozidishiwa dawa hauwi wa njano. Jani linanenepa na kukolea kijani, mkulima anashukuru mbolea, kumbe shamba limesimama. Akishtukia ufupi, anadhani ugonjwa umerudi, anaongeza dawa ile ile.

Mbegu zilizopakwa dawa nazo zinahitaji jicho. Kwenye ngano inajulikana kwamba baadhi ya dawa za ukoo huu hufupisha ala inayotoboa udongo wakati wa kuchipua. Mbegu ikifukiwa chini sana, jani linafunguka kabla halijaona jua. Mtama na uwele huchomoza kwa ala kama hiyo. Kwa hiyo anayefukia mbegu chini akifuata unyevu, kama mvua za Singida zinavyomlazimisha, aulize kwanza imepakwa nini.

Mankozebu, dawa nyingine ya ukungu, haimo katika ukoo huu. Yenyewe hukaa juu ya jani na haigusi kufuli hizo. Kupokezana dawa za koo mbili kunasaidia pia ukungu usizoee moja. Lakini pima kwa kikombe chenye alama za mililita, maana vizibo vya chupa havilingani. Na ukiona vitunguu vimefupika na kukolea kijani baada ya kupuliza, weka bomba chini, mwite afisa ugani, umwonyeshe na chupa yenyewe.